Kokoto Shavuni

Huruma aliichukua korosho ya kwanza, akaiminya kwa ukucha wa kidole gumba, akaitazama, akaitumbukiza kwenye kopo. Ya pili akaiminya vilevile. Ukucha ukaacha alama kwenye ganda, naye akaiweka pembeni juu ya meza. Ya tatu ikaingia koponi. Nyuma yake, kwenye benchi ambalo mzazi alitakiwa akae kimya, mikono mapajani, mama yake, Sijaona, alikuwa akimtazama. Alikuwa amekwisha kuelewa jambo ambalo mpimaji hakulielewa, na alikuwa amekatazwa kufungua mdomo.

Mpimaji huyo aliitwa Nikolao, kijana mwembamba aliyekuja Masasi kwa siku mbili tu kupima masikio ya watoto wa kitengo cha elimu maalumu, wale ambao kwenye madaftari ya shule huandikwa kuwa wana ulemavu wa akili. Watu wote walimwita daktari, naye alikuwa amechoka kukanusha. Alisimama kando ya Huruma ameshika kisanduku kinachotoa sauti, nyembamba na nene, ndogo na kubwa. Mchezo wenyewe ulikuwa mwepesi. Mtoto akisikia sauti, anatia korosho moja kwenye kopo la maziwa, asiposikia, anangoja. Korosho hizo Nikolao alikuwa ameziokota mwenyewe asubuhi ile chini ya mikorosho ya shule, kwa kuwa boksi la vichezeo vyake vya kupimia lilisahaulika safarini.

"Watoto wa huku korosho wanazijua," alikuwa amemwambia Sijaona kwa furaha ya mtu aliyejipatia ufumbuzi. "Hawataziogopa."

Lo! Kuzijua wanazijua. Balaa lilikuwa humo humo kwenye kuzijua. Kwao Chiwata, tangu Huruma alipofikisha miaka mitano, kazi yake msimu mzima ilikuwa kukaa kwenye turubai na kuchambua korosho za baba yake. Aliminya kila moja kwa ukucha. Ukucha ukiacha alama, korosho bado ina maji, irudi juani. Ukucha ukiteleza, imekauka, iingie kwenye kikapu. Sasa alikuwa na miaka saba, macho yake madogo yameinuka pembeni, ulimi haumtulii mdomoni, hajui kufunga kifungo cha shati. Lakini kwenye turubai lile hapakuwa na mtu aliyepita nyuma yake kurekebisha. Ilikuwa kazi pekee duniani ambayo akiifanya yeye, imefanyika.

Basi kisanduku kililia, na Huruma akachambua korosho. Sauti ndogo kabisa, ambayo hata Sijaona aliipata kwa taabu, ikakutana na korosho kavu: Nikolao akaweka alama ya vema. Sauti ya kupasua kichwa ikakutana na korosho mbichi: akaweka alama ya kosa. Kalamu ilikwenda na kurudi, kijana wa watu amekunja uso, na Sijaona pale benchini ameuma ulimi. Kama ingekuwa mara yake ya kwanza kukaa kwenye benchi lile, angekwisha kupiga kelele zamani.

Mwaka uliopita, mwezi kama huu wa Novemba, alikaa hapo hapo. Nikolao alikuwa huyo huyo, kopo hilo hilo, ila vya kutumbukiza vilikuwa pete za plastiki. Sauti ya kwanza ilipolia, Huruma aliendelea kutazama dirishani. Ndipo mguu wa Sijaona ulipoteleza chini ya benchi na kugonga mguu wa kiti cha mtoto kwa kidole gumba. Mtoto akashtuka, akatia pete.

Mara ile ya kwanza, Mungu ni shahidi, ilikuwa mazoea tu. Nyumbani kwao hapakuwa na mtu aliyemwita Huruma kwa mdomo peke yake. Ulisema "Huruma!" huku mguu ukipiga chini, du, naye akageuka. Nani alianza, hakuna aliyekumbuka. Mtoto alikuwa akitambaa kwenye sakafu ya udongo, watu wakagundua kwamba hivyo ndivyo anavyoitika, wakazoea kama unavyozoea mlango unaotaka kusukumwa kwa bega. Ungemuuliza yeyote wa nyumba ile kama Huruma anasikia, angekuapia kwamba anasikia.

Lakini kufikia sauti ya tatu Sijaona alijua anachokifanya, na aliendelea. Asubuhi ya siku ile mumewe, Cuthbert, alikuwa amemwambia, "Mungu ametupa ugonjwa mmoja, tumeupokea. Usiende kumtafutia mwanangu wa pili." Na yeye mwenyewe alikuwa amechoka. Amechoka kutazamwa kanisani, amechoka wanawake kisimani kumpa pole asiyoiomba. Alitaka mara moja tu, kwenye chumba chenye watu, mwanawe aambiwe ameweza. Nikolao akaandika kwenye karatasi: anasikia vizuri. Sijaona alitembea na karatasi ile kifuani wiki nzima, anatabasamu peke yake. Sasa akiikumbuka furaha ile, anaona haya.

Karatasi iliingia kwenye jalada la mtoto, na jalada lilikaa kwa Mwalimu Salome, mwalimu wa kitengo. Salome hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto ishirini na wanane na mikono miwili. Kama mtoto anasikia vizuri na jina lake likiitwa haitiki, basi hicho ni kiburi, na kiburi dawa yake inajulikana. Huruma akawa anarudi nyumbani na michirizi ya fimbo miguuni. Sijaona alipolalamika, Cuthbert alimkata kauli. "Daktari si kasema anasikia? Basi asikie!"

Halafu mwezi wa tisa bodaboda ikamgonga. Huruma alikuwa akitembea katikati ya njia, amebeba bibo la mkorosho mkononi, na dereva aliapa mbele ya watu kwamba alianza kupiga honi tangu kwenye kona. Hakudanganya, Sijaona aliisikia honi ile. Alikuwa nyuma ya mwanawe, hatua kama thelathini, ameita mpaka koo likakauka, amepiga mguu chini mpaka kisigino kikapasuka. Hatua thelathini zilikuwa mbali mno, ardhi haikumfikishia mtoto kitu. Mtoto alipona, na kovu kutoka gotini hadi kifundoni. Mama yake usiku ule na mwingine mwingi alilala macho wazi, akijua alichokifanya, akijua hakuna mwingine anayejua. Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi? Alichoweza ni kumpigia magoti Mwalimu Salome mtoto apimwe upya, bila kusema kwa nini.

Nikolao aliweka kalamu mezani.

"Haya, Mama Huruma. Tumemaliza."

"Imekuwaje, daktari?"

Alimgeuzia karatasi, ingawa alama zile Sijaona hakuweza kuzisoma. "Sauti ndogo anazijibu, kubwa anaziacha. Sikio la mtu haliendi hivyo. Majibu ya leo siwezi kuyaamini, kwa hiyo nitaacha ya mwaka jana yasimame. Anasikia vizuri."

"Yasisimame!"

Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. Mwalimu Salome, aliyekuwa mlangoni akiita mtoto anayefuata, aligeuka. Sijaona aliinuka, akaenda mezani, akaanza kueleza mambo ya ukucha na turubai, maneno yakikanyagana. Nikolao alimsikiliza hadi mwisho. Akachukua korosho zilizoachwa pembeni, akaziminya moja moja kwa ukucha wake uliokatwa vizuri. Zote ziliacha alama. Akalimimina kopo mezani, akaziminya na hizo. Zote zilikuwa kavu.

"Hakukosea hata moja," alisema taratibu. Kisha akajishika kichwa. "Na mimi nilikuwa namwandikia masikio!"

Alitoka nje, akarudi na makokoto kwenye kiganja. Akampa Huruma moja, akamwonyesha alishike shavuni, hivi, atulie na kungoja. Sauti ikija, ndipo atie. Huruma alilishika shavuni. Kisanduku kikalia. Kikalia kwa nguvu zaidi, kikalia mpaka Mwalimu Salome akaziba masikio. Huruma alikuwa akitazama dirishani, kokoto shavuni, mate yakimshuka kidogo kidevuni.

"Umeona?" Sijaona alisema. "Hasikii."

"Huenda. Na huenda hajaelewa mchezo." Nikolao alivuta kiti akakaa, wakawa macho kwa macho. "Hapa ndipo hawa watoto wetu wanaponishinda, mama. Mtoto mwingine asiponijibu, najua sikio limekataa. Huyu asiponijibu, sijui ni sikio au ni ile hali yake. Nikibahatisha nikamwandikia kifaa cha kusikilizia, na kumbe sikio lake zima, nitakuwa nampigia kelele kichwani kila siku, na hawezi kuniambia anaumia. Nahitaji kuona kitu kimoja tu, kwamba mchezo ameuelewa. Hapo nitauamini ukimya wake." Alitazama saa. "Nje kuna watoto tisa, na gari linaondoka saa kumi. Labda mwakani, Mungu akijalia."

Mwakani! Sijaona aliiona njia ya Chiwata, vumbi, na mtoto katikati ya njia akiwa na bibo mkononi. Dawa ya jambo hili alikuwa nayo mwenyewe, mguuni mwake, na kuitoa ilikuwa sawa na kujivua nguo mbele za watu. Pale varandani walikaa wazazi wa watoto wale tisa. Cuthbert naye alikuwa hapo, amekuja siku hiyo kwa sababu moja tu, ili daktari akisema tena kwamba mtoto anasikia, maneno yaishe nyumbani.

Alivua kandambili.

"Humu kuna sakafu ya saruji," alimwambia Nikolao. "Tutoke nje, kwenye udongo. Nitakuonyesha."

Alimkalisha Huruma chini uani, peku, kopo katikati ya miguu, makokoto pembeni. Akamwekea kokoto shavuni. Akasimama nyuma yake hatua mbili, na watu wote wa varandani wakageuka kumtazama mwanamke huyu anataka kufanya nini. Akapiga mguu chini. Du.

Huruma akageuza shingo. Sijaona akamwinamia, akamshika mkono, wakatia kokoto pamoja. Akarudi nyuma, akapiga tena, wakatia pamoja. Mara tatu, mara nne. Mara ya tano alipopiga, hakumwinamia. Mtoto alikaa kidogo. Kisha mkono ukashuka wenyewe, na kokoto likalia ndani ya kopo.

Huruma alichukua jingine, akaliweka shavuni. Sijaona alimwacha angoje. Alimwacha muda mrefu, jogoo akawika nyuma ya vyoo vya shule, mtoto mdogo akalia na kubembelezwa, na kokoto halikutoka shavuni. Du. Likaingia koponi. Mama mmoja varandani akapiga kigelegele, Nikolao akainua mkono kumnyamazisha.

"Ameelewa," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Msiguse chochote. Mtu asitembee."

Alichuchumaa kando ya Huruma, akaweka kisanduku upande wa kulia. Sauti ndogo: kokoto shavuni. Ya kati: kokoto shavuni. Kubwa, kubwa zaidi, ile ya mwisho iliyowafurusha kuku: kokoto shavuni. Akahamia kushoto, akaanza tena chini kabisa. Sijaona alikuwa akiomba na hakujua anaomba nini. Mwaka jana aliomba asikie. Sasa akijibu, atarudishwa kwenye fimbo na njia ya bodaboda, asipojibu, basi ni kiziwi. Sauti ya mwisho ilipolia kwenye sikio la kushoto, vidole vya Huruma vilitikisika. Alitazama juu, mdomo wazi, kisha akaliachia kokoto lidondoke koponi taratibu, kama hana hakika.

Nikolao alirudia mara tatu. Kisha akaandika, na aliandika kwa muda.

"La kulia halina kitu kabisa," alisema bila kuinua uso. "La kushoto lina kidogo sana." Ndipo alipomtazama Sijaona. "Mama Huruma, mwaka jana mtoto huyu huyu alinijibu kila sauti. Ilikuwaje?"

Angeweza kusema hajui. Angeweza kusema labda ugonjwa umeanza baadaye, labda ile pikipiki. Watu wangeamini, na Nikolao alionekana yuko tayari kuamini. Sijaona alitazama miguu yake mitupu, ilivyojaa vumbi.

"Ilikuwa hivi hivi," alisema. "Niligonga kiti chake kwa mguu. Kila sauti iliyolia, niligonga. Hakusikia hata moja. Nilisikia mimi."

Mwalimu Salome aliegemea nguzo ya varanda. "Mimi nimemchapa," alisema, hamwambii mtu. "Jamani, mimi mtoto huyu nimemchapa." Akaingia ndani, na hakutoka tena mpaka walipoondoka.

Cuthbert hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alisimama, akapangusa suruali, akasema, "Mwaka mzima, Mama Huruma." Akaenda kusimama getini, amewapa mgongo.

Nikolao aliukata mstari wa mwaka jana kwa kalamu nyekundu. Hakumlaumu, na hilo nalo lilikuwa gumu kulipokea. Alieleza tu, kwa upole wa mtu anayetaka kumaliza haraka, kwamba mwaka jana alikuja na vifaa vya kusikilizia sita, vyote vikapata wenyewe. Mwaka huu hana hata kimoja. Atachukua umbo la sikio la kushoto, atalipeleka, kifaa kitatengenezwa. Miezi mitatu, pengine sita, pengine wafadhili wakichoka, hajui. Huruma alipoingizwa sikioni udongo laini wa rangi ya waridi wa kuchukulia umbo alipiga mayowe ya kukwaruza, akajipindapinda mikononi mwa mama yake mpaka ukakauka. Ulipotolewa ulikuwa kidude kidogo kilichopinda. Nikolao alikitia kwenye mfuko wa nailoni na kuandika jina juu yake.

"Ataongea?" Sijaona aliuliza.

"Tungeanza mapema..." Nikolao alisema, kisha akakatisha. "Tuombe kifaa kije kwanza, mama."

Huruma alikataa kuliachia kopo. Walimvuta, akalikumbatia na makokoto yake. "Mwacheni nalo," Nikolao alisema, na alikuwa amekwisha kumgeukia mtoto mwingine.

Njia nzima ya kurudi Chiwata, Cuthbert alikaa mbele na dereva. Waliposhuka alitangulia, hakuangalia nyuma. Nyumbani Sijaona aliwasha moto, akasonga ugali, akaupakua. Alikula peke yake, matonge mawili, uliobaki ukapoa kwenye sahani. Mumewe alikuwa amejifungia ndani.

Jua lilikuwa bado lipo alipotoka kuanua korosho. Huruma alikuwa amekaa kwenye turubai, ameipa nyumba mgongo, kopo katikati ya miguu. Korosho zilikuwa zimemzunguka na hakuzigusa. Alikuwa ameshika kokoto shavuni. Sijaona hakujua amekaa hivyo tangu saa ngapi.

Nyuma yake mlango ulilia. Cuthbert alisimama kizingitini.

"Huruma," aliita.

Aliita kawaida, kama baba anavyomwita mtoto amletee maji. Mguu wake haukupiga chini. Sijaona aliona ulivyotaka kunyanyuka, na alivyouzuia.

"Huruma."

Akaita kwa nguvu. Akaita mara ya nne, na mara ya tano aliita kwa sauti yake yote, mpaka jirani ng'ambo ya mikorosho akaitikia, "Kuna nini huko?" Mtoto alikuwa akitazama mbele, ametulia, hodari wa kungoja. Cuthbert alikaa chini pale pale kizingitini, mikono kichwani.

Sijaona hakumwendea. Alizunguka turubai, akapita upande ambao Huruma angemwona, akapiga magoti mbele yake. Mtoto akamchekea, ila kokoto hakuliachia. Kisigino cha Sijaona kilimwasha. Pigo moja tu, na mwanawe angeambiwa ameweza, angetia, angepumzika.

Hakupiga. Alitia mkono koponi, akatoa kokoto moja. Akaliweka kwenye shavu lake mwenyewe, wakangoja wote wawili.